Muulize Anko: "Nimeandika kama alivyoandika lekchara, mbona inakataa?"

Vyuo vimefunguliwa, mvua za Mbeya nazo zimeanza, na barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watoto wa mwaka wa kwanza walioingia kozi za kompyuta, wiki yenyewe ya kwanza haijaisha vizuri tayari wameshika vichwa. Majina nimeyatoa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno mengine, kwahiyo usiyeiona barua yako usinune, soma hiyo.

Shikamoo Anko. Mimi ni binti, nipo mwaka wa kwanza hapa Mbeya ila kwetu ni Tukuyu. Nimechaguliwa kozi ya kompyuta na sijawahi kumiliki kompyuta maishani, shuleni zilikuwepo chache zimefunikwa vitambaa. Siku ya kwanza tu lekchara kawasha projekta kaanza na C, lugha ya kuandikia programu, kaandika, ikakubali, akasema haya na nyie. Wenzangu waliotoka diploma wakamaliza kabla sijajua yale mabano yenye kapua katikati yako wapi kwenye kibodi! Mimi nikibonyeza inaleta maandishi mekundu skrini nzima na nimeandika vilevile alivyoandika yeye. Ijumaa nimelia hosteli. Rumeti wangu anasema nihamie Ugavi maana dirisha la kuhama kozi bado liko wazi. Kaka yangu ndo kaninunulia laptopu yuzdi pale Kabwe kwa hela ya parachichi, sasa nitamwambiaje? Anko, au kichwa changu kizito? (Binti wa Tukuyu)

Marahaba mwanangu, na pole. Ugavi ni kozi nzuri tu, ila usiende kule kwasababu ya maandishi mekundu, hiyo si sababu.

Tuanze na hao wa diploma maana nahisi hao ndo wanaokutoa machozi kuliko hata kompyuta. Mtu aliyeanzia cheti baada ya kidato cha nne akapanda NTA level 4, 5 mpaka 6, huyo amekaa darasani miaka 3, hayo mabano yenye kapua ameshayaona mpaka kayachoka. Sasa wewe wa siku tatu unajipima na wa miaka mitatu alafu unajiuliza kama kichwa ni kizito? Hata akimaliza kwa dakika mbili hajafanya ajabu, na we ukichelewa hujafanya kosa. Alafu nikunong'oneze, baadhi yao wanaandika kwa mazoea, ukimsimamisha ukamuuliza huu mstari kazi yake nini anaanza kukuna kichwa. Kwahiyo watumie. Ukikwama muite mmoja akae pembeni, ila mkono wake usiguse kibodi yako, mwambie aeleze kwa mdomo wewe ndo uandike. Wapo wanaopenda kusaidia kwa kukunyang'anya mashine, hao wakimaliza wanaondoka na ujuzi wao we unabaki na programu inayofanya kazi ambayo huijui.

Sasa hilo la "nimeandika vilevile". Hapana mwanangu, hujaandika vilevile. Naamini umejitahidi, ila kompaila, yaani programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kiwe lugha ya mashine, ni kama karani wa mizani barabara ya Tunduma, haangalii umetoka wapi na mzigo mzuri kiasi gani, karatasi moja ikikosa muhuri gari inapaki pembeni. Ona hii:

    #include <stdio.h>

    int main(void) {
        int gunia = 5;
        int bei = 90000
        printf("%d\n", gunia * bei);
        return 0;
    }

Umeona kilichokosekana? Nukta mkato baada ya 90000. Basi, ni hicho tu. Ila sasa ukibonyeza kukompaili, mashine mara nyingi itakuonyesha kidole mstari wa printf (amri ya kutoa kitu kwenye skrini), huo wa chini yake, itasema ilitegemea koma au nukta mkato *kabla* ya printf. Wewe unaukodolea macho mstari wa printf nusu saa, ni mzima kabisa, unaanza kuamini umerogwa. Kumbe yenyewe ilikuwa inasoma inaenda, ikasubiri sentensi iishe, haikuisha, ikagongana na printf ndo ikapiga kelele hapo ilipofikia. Kwahiyo mstari uliotajwa ukiuona mzima, angalia wa juu yake. Hii peke yake itakuokolea usiku mwingi.

Na zile nyekundu skrini nzima zisikutishe kwa wingi wake. Kwenye C kosa moja la juu linaweza kuzaa mengine kumi ya chini ambayo hata si makosa, mashine ikishapotea mwanzo kila inachokutana nacho inakiona kibaya. Dawa yake soma kosa la KWANZA tu. Lirekebishe, kompaili tena. Utashangaa orodha nzima imeyeyuka, au imebaki na mawili. Usirekebishe matano kwa mpigo maana hutajua lipi lilikuwa lipi, na kuna uwezekano umeharibu vilivyokuwa vizima. (Wenzenu wa Python, lugha nyingine ya programu, kule ni kinyume, ule ujumbe mrefu unasomwa kuanzia mstari wa mwisho kabisa, hapo ndo pameandikwa kosa ni nini, ya juu yote ni njia iliyopita kufika hapo.)

Mambo mengine ya kuangalia kabla hujalia: herufi kubwa na ndogo, kwa C Printf na printf ni vitu viwili tofauti na hicho cha kwanza haikijui. Mabano yamefunguliwa mangapi yamefungwa mangapi. Alama za nukuu zimefungwa? Na kama ni scanf (amri ya kupokea namba kutoka kwa mtumiaji), ile alama ya & kabla ya jina la veriabo (kisanduku cha kuwekea namba) umeiweka? Hiyo ya mwisho ni mbaya maana mashine inaweza isikukatalie kabisa, programu inakubali alafu ikifika hapo inaanguka yenyewe.

Halafu kibodi. Watu hawalisemi hili, wanaona aibu. Laptopu yuzdi nyingi tunazonunua huku zimetoka Ulaya na kibodi zake si sawa na ya lekchara. Yenye mpangilio wa Uingereza, alama ya nukuu na ile @ zimebadilishana nafasi. Ya Ujerumani ndo kabisa, Y na Z zimehama, na hayo mabano yenye kapua unayapata kwa kushika AltGr pamoja na 7 kufungua na 0 kufunga. Na inawezekana fundi aliyekuwekea Windows kaweka mpangilio wa Marekani wakati vitufe vimechorwa vya Ulaya, unabonyeza kilichoandikwa hivi kinatoka vile! Kwahiyo leo hii kabla ya C yoyote fungua Notepad, bonyeza vitufe vyote vya alama kimoja kimoja, na Shift na bila Shift, andika kwenye daftari kipi kinatoa nini. Kama vimekataana nenda kwenye setingi za lugha ubadilishe. Mtu asiyejua alama ziko wapi anatumia akili yake yote kutafuta kitufe, ya kufikiria programu inatoka wapi?

Zoezi la jumamosi na jumapili hii. Chukua hiyo programu ya gunia hapo juu, iandike kwa mikono yako usikopi, hakikisha imefanya kazi imekupa 450000. Ikishakubali, iharibu makusudi. Toa nukta mkato moja, kompaili, andika kwenye daftari ilisema nini, irudishe. Toa bano la kufunga, hivyohivyo. Andika prinft badala ya printf. Toa mstari wa #include. Ukimaliza utakuwa na ukurasa wako wa makosa pamoja na sura zake, na siku ya labu likitokea unalijua maana mmeshakutana. Mi naona zoezi hili linafundisha kuliko sura nzima ya kitabu, na sijui kwanini hawalifundishi.

Na wiki ya kwanza hutakiwi kujua mengi kiivyo. Kutengeneza faili, kulisevu mahali unapopakumbuka, kulikompaili, kutoa maneno kwenye skrini, kuweka namba kwenye veriabo, kupokea namba kutoka kwa mtumiaji. Ukiweza hayo bila kuangalia kwa mtu wewe upo sawasawa na kozi, wala hujaachwa. Kaka mwambie laptopu inafanya kazi, ndaga fijo (asante sana), na bando likiisha utamsumbua.

Anko kamwene! Niko chuo hapa Iringa napanga Kihesa. Nimeandika programu ya kuzidisha debe 5 za viazi kwa shilingi 8,000, kitu rahisi kabisa, inanipa -25536. Hasi! Yaani nimeuza viazi nadaiwa mimi. Hakuna kosa lolote linalotokea, inakubali vizuri tu. Tunatumia ile programu yenye skrini ya bluu. (Muuza viazi)

Kamwene mdogo wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, na hujakosea hesabu wala hujakosea C.

Hiyo yenye skrini ya bluu ni Turbo C ya Borland, toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987, enzi za DOS. Kule namba ya aina ya int inakaa kwenye biti 16 tu. Biti moja ni ndiyo au hapana, ukiwa nazo 16 unapata mipangilio 65,536, nusu yake zimepewa namba hasi, kwahiyo int inaanzia -32,768 inaishia 32,767. Sasa 5 mara 8,000 ni 40,000, imepita. Ikipita haisimami kusema jamani nimejaa, inazunguka inarudi upande wa hasi: toa 65,536 kwenye 40,000 uone unapata nini. Ndo hiyo -25,536 yako, hata shilingi haijapotea.

Ukitaka kubaki humohumo tumia long badala ya int, na kwenye printf uweke %ld. Au hamia kompaila ya kisasa, Code::Blocks ile inayokuja na GCC yake ni bure, int yake ni ya biti 32 na inafika 2,147,483,647. Lakini usijisahau, pesa yetu ina masifuri mengi bana. Bilioni 2 na kidogo inaonekana kubwa mpaka siku umepewa kazi ya kujumlisha bajeti ya halmashauri, hapo int inazunguka tena inakupa hasi mbele ya madiwani. Kwa hela za Tanzania zoea long long na %lld tangu mwanzo. Wamarekani wanaoandika mifano ya vitabuni wanauza kahawa kwa dola 3 hawana shida hiyo. Wenzako wa Python nao wametulia, kule namba nzima inakua tu mpaka memori ya mashine iishe.

Nakuomba umuonyeshe lekchara wako hiyo programu, kwa adabu, darasa zima lifaidi.

Habari Anko, nauliza kwa kifupi. Python, nikiingiza 3 na 4 ili ijumlishe inaniambia 34. Kwanini? (Mwanafunzi, Makambako)

Kwasababu input() siku zote inakurudishia maneno, hata ukiandika namba. Maneno mawili yakijumlishwa yanaunganishwa, "3" na "4" inakuwa "34". Igeuze kwanza iwe namba:

    a = int(input("Namba ya kwanza: "))
    b = int(input("Namba ya pili: "))
    print(a + b)

Kama kuna desimali, mfano kilo mbili na nusu, tumia float badala ya int. Hesabu mabano ya mwishoni, yapo mawili.

Anko mi sina laptopu na bumu halijaingia. Nasoma Iringa ila nyumbani Mafinga. Labu ya chuo kompyuta moja tunakaa wanne, anayeshika kibodi ni yuleyule kila siku. Nina simu tu. Nisubiri bumu au nifanyeje? (Wa Mafinga)

Usisubiri. Simu ya Android inatosha kabisa kwa wiki za mwanzo na hata mwezi. Kwa Python pakua Pydroid 3, kwa C na C++ kuna Cxxdroid, zote zipo Play Store. Pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo maana si ndogo, ukishaweka zinafanya kazi bila bando.

Kwenye simu kuna mitego yake. Wa kwanza ni kibodi inayojifanya inajua kuliko wewe, kila mwanzo wa mstari inaweka herufi kubwa, unaandika print inakuwa Print, Python inakwambia haijui Print ni nani. Nenda setingi zima hiyo kitu, pamoja na ile ya kusahihisha maneno. Wa pili ni kukopi mistari kutoka kwenye grupu la WhatsApp au kutoka Word. Huko alama za nukuu zinageuzwa zinakuwa zile zilizopinda, machoni zinapendeza lakini Python na C haziziafiki, utaambiwa kuna herufi batili na wewe huioni. Na ile nafasi ya mwanzo wa mstari, ambayo kwa Python ni sehemu ya programu yenyewe si urembo, ikipita WhatsApp mara nyingi inafika imevurugika. Kwahiyo mtu akikutumia programu, isome alafu iandike upya mwenyewe, hapo umejifunza na mitego umeikwepa. Ukipata waya wa OTG na kibodi yoyote ya zamani chomeka kwenye simu, utaona raha.

Hilo la labu sasa. Wanne kwenye mashine moja sio tatizo, tatizo ni kibodi kuwa na mwenyewe. Kubalianeni kila swali anabadilika mtu, na yule mjuzi awe wa mwisho kushika. Akikataa mwambie CR (kiongozi wa darasa) asimamie, ndo kazi yake, si kutuma tangazo la michango tu. Pia ulizia labu inafungwa saa ngapi, jioni kukiwa na baridi watu wanakimbilia mageto yao mashine zinabaki tupu.

Bumu likiingia ukaamua kununua yuzdi, usihangaike na rangi wala stika. RAM isipungue GB 4, ikiwa 8 shukuru, na diski iwe SSD. Betri ijaribu hapohapo dukani, chomoa chaja ukae unapiga stori na muuzaji uone inashuka vipi, maana umeme ukikatika usiku wa kuamkia asainmenti hakuna wa kumlilia. Na vitufe vya alama vibonyeze vyote, nimeshamwambia dada yako wa Tukuyu kwanini.

Mambo Anko. Nikidabo kliki faili langu la Python linatokea boksi jeusi linapotea hapohapo. Virusi? (Mwanjelwa)

Poa. Si virusi, programu imefanya kazi ikamaliza ikafunga dirisha, haraka kuliko macho yako. Usidabo kliki. Ifungulie ndani ya IDLE, imekuja pamoja na Python yenyewe, kisha bonyeza F5. Au weka Thonny, ni nyepesi hata kwa mashine chovu na wameitengeneza kwa ajili ya wanaoanza.

Anko tuongee ukweli. Kuna ChatGPT, nikiipa swali la asainmenti inaandika lote kwa sekunde na linakubali. Hizi wiki za kuhangaika na nukta mkato za nini? Lekchara anatuchosha tu. (Mjanja wa Mafiati)

Ukweli upi sasa, wako au wangu? Wangu ni huu. Vyuo vingi vya hapa mtihani wa mwisho wa somo hili unafanywa kwenye karatasi, na kalamu, hakuna kompyuta wala intaneti, umepewa programu imeandikwa unaulizwa itatoa nini, au umeambiwa andika ya kupanga namba. Na huo mtihani ndo wenye maksi nyingi kuliko testi na asainmenti zako zote zikichanganywa. Watu wanaodisko mwaka wa kwanza sio wale wanaolia hosteli siku ya ijumaa, hao wanalia wanarudi labu. Ni wale wenye asainmenti safi.

Alafu usidhani hajui. Wiki ya kwanza amefundisha print na input, wewe unaleta kazi ina fanksheni na vitu vya wiki ya tisa, na maelezo ya kingereza cha bungeni kila mstari. Anakuita mbele anasema hebu tueleze mstari wa nne. Unaeleza nini?

Sikwambii usiitumie, ipo na wote tunaitumia. Ila itumie upande mwingine. Umepata ujumbe wa kosa huuelewi, ubandike, mwambie akueleze maana yake kwa Kiswahili rahisi, na umwambie waziwazi asikupe programu iliyorekebishwa, rekebisha mwenyewe. Mwambie akutungie maswali kumi mepesi ya lupu (kurudia mistari ileile). Mpe programu yako iliyokubali umuulize ni wapi ingevunjika mtu akiingiza herufi badala ya namba. Hapo unakuwa na mwalimu usiku kucha na haombi hata soda. Ukifika mwaka wa tatu una projekti yako, unajua unachotaka na unaweza kusoma ilichoandika ukaona palipo na uongo (na uongo upo, mwingi tu, unasemwa kwa kujiamini kabisa), hapo iachie iandike, sitakuuliza.

Kuhusu lekchara anawachosha, ndio, na yeye kachoka.

Anko tuamulie ugomvi geto letu hapa Iyunga. Mimi kozi yangu wameanza na Python, rumeti wangu wa kozi nyingine wameanza na C, ananicheka kila siku eti Python ni ya watoto. Ipi bora? (Wa Python)

Mwambie rumeti wako Python inayotumika sana ile ya kawaida, CPython, imeandikwa kwa C. Kwahiyo nyie ni ndugu, pikeni wote ugali.

C ilitengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuandikia mfumo wa Unix, kwahiyo imekaa karibu na mashine, inakufanya ufikirie memori na aina za namba, muulize mwenzetu wa Kihesa na viazi vyake. Python ya Guido van Rossum, Mholanzi, ilitoka 1991 na nia yake ilikuwa isomeke kirahisi. Kwa wiki ya kwanza mimi ningewaanzishia wote Python, ndio msimamo wangu na najua kuna walimu wazuri watapinga, kwasababu mtoto anaona matokeo kabla hajakata tamaa. Ila aliyeanza na C akavumilia, semista ya pili anapata raha ambayo nyie wa Python mtaitafuta. Mkitaka kupimana nguvu kila mmoja aandike programu ileile, chukua alama za wanafunzi watano toa wastani, alafu mbadilishane mashine kila mtu amweleze mwenzake ya kwake mstari kwa mstari. Na we wa Python ukikopi mfano wa zamani mtandaoni ukakuta print haina mabano, achana nao, hiyo ni Python 2 na iliacha kuhudumiwa tangu Januari 1, 2020.

Ndugu mwandishi, mimi ni mzazi, mkulima wa kahawa huku Vwawa. Kijana wangu yupo chuo Mbeya kozi ya kompyuta. Ananiambia bila laki moja na nusu ya kununua kompaila na leseni ya Python hawezi kuendelea na masomo, na wenzake wote wameshanunua. Mimi vitu hivi sivijui, nisije nikamkwamisha mtoto. Nitume? (Mzazi)

Shikamoo mzee wangu. Usitume kwanza.

Python ni ya bure, haina leseni ya kulipia, anaipakua kwenye tovuti yake python.org. Kompaila ya C inayoitwa GCC ni bure. Code::Blocks bure, VS Code bure, Thonny bure, hata za kwenye simu nilizomtajia kijana wa Mafinga hapo juu zina toleo la bure linalomtosha mwanafunzi. Kitu cha wiki hii cha mwaka wa kwanza chenye leseni ya laki moja na nusu mimi sikijui.

Gharama za kweli zipo na usimfungie kabisa. Bando la intaneti, maana kupakua hivyo vitu kunakula, kuprinti asainmenti, fleshi, na nauli ya kutoka geto kwenda chuo kama kapanga mbali. Mpigie umuulize kwa upole anahitaji nini hasa, mwambie umesoma kuwa kompaila inapakuliwa bure na akuonyeshe hiyo aliyoambiwa anunue. Inawezekana kabisa kuna mtu mjanja anawauzia watoto wa mwaka wa kwanza CD za vitu vya bure, hilo limeshawahi kutokea, na kama ni hivyo awaambie wenzake na uongozi wa darasa. Kama ni yeye mwenyewe kaitunga, basi atakwambia anahitaji hela ya nini, na wewe utaamua mzee, hayo ni ya nyumbani siyaingilii.